Mama wa Kwenye Filamu

"Mama!" Miangaly aliita kutoka upande wa pili wa wavu.

"Ee?" Haingo akaitikia.

"Kata!" akapiga kelele mwongozaji.

Watu kumi na tano wakamgeukia Haingo, aliyesimama nyuma ya uzio na ufagio wake wa kusawazishia udongo. Mshika kamera akashusha mabega. Mwenye kinasa sauti akavua vile vidude vya masikioni na kusonya. Miangaly mwenyewe, raketi mkononi, alijifunika mdomo asicheke, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma mama yake kuliko misonyo yote ya wageni.

"Mama, hukuitwa wewe," msichana alisema. "Ameitwa Dada Clarisse."

"Nimesikia Mama."

"Ndiyo, lakini Mama wa kwenye filamu."

Mama wa kwenye filamu alikuwa ameketi benchini, amevaa gauni jipya lililochakazwa kwa makusudi, anapakwa vumbi jekundu miguuni kwa brashi. Haingo aliitazama ile brashi. Vumbi la miguuni mwake yeye halikupakwa na mtu. Liliingia lenyewe kwenye nyufa za visigino kwa miaka kumi na sita ya kumwagilia, kufagia na kushindilia viwanja vitatu vya tenisi vya klabu ile, huku mtoto amemfunga mgongoni, na baadaye mtoto akiokota mipira ya wenye nayo, na baadaye akiwashinda wenye nayo mmoja baada ya mwingine. Hadithi hiyo ndiyo iliyowaleta watu wa filamu Antananarivo. Miangaly, mwenye miaka kumi na saba, aliambiwa aigize nafsi yake mwenyewe. Haingo naye alijaribiwa kwa dakika tano, akasimama mbele ya kamera kama anapigwa picha ya kitambulisho. Wakamshukuru sana, kisha wakamtafuta mama mwingine.

"Bi Haingo," mwongozaji alisema kwa upole wa mtu anayejizuia. Aliitwa Tahina, kijana wa mjini mwenye skafu shingoni hata jua linapowaka. "Tunakuomba usogee kidogo. Pale karibu na choo panafaa."

Haingo akasogea karibu na choo.

Saa ya chakula alipanga foleni kama wengine. Binti aliyekuwa akigawa vyakula aliinua macho kwenye karatasi yake. "Wewe ni nani?"

"Mama yake Miangaly."

Binti akaangalia orodha. "Mama yake ameshachukua."

Haingo alirudi kwenye kibanda cha vifaa, akala vitumbua viwili vilivyobaki tangu asubuhi, baridi ya Julai ikimpenya magotini. Kupitia mlangoni aliwaona wale wawili wakila kwenye benchi moja, Clarisse akimtolea Miangaly mifupa ya samaki kwa vidole vyake virefu. Msichana yule alikuwa akitoa mifupa mwenyewe tangu ana miaka minne!

*

Jumatano jioni Clarisse alikuja nyumbani kwao, nyumba ya matofali mekundu chini ya kilima, kujifunza namna ya kuwa Haingo. Ndivyo alivyosema mwenyewe, bila kuona kama kuna neno baya hapo. Alizaliwa mji huohuo, akapelekwa Ufaransa akiwa mchanga, na sasa alisema lugha ya mama yake kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Bibi Razafy, mama mzazi wa Haingo, alimpenda siku ileile.

"Kaa hapa, mwanangu. Umekonda! Huko kwa Wazungu hawali wali?"

"Wanakula, Bibi. Kidogo."

"Kidogo ni cha ndege."

Mara bibi akashusha kutoka juu ya jiko nyama zilizokaushwa moshini. Haingo aliziona. Nyama zile aliziweka wiki mbili kwa ajili ya safari ya Miangaly. Jumamosi alfajiri msichana alikuwa anaruka kwenda Moroko, kwenye shule ya tenisi, miaka miwili bila kurudi. Na sasa nyama zinaliwa na mama wa kwenye filamu, tena kwa kusifiwa.

"Dada Haingo, naomba shuka lako la begani," Clarisse alisema baada ya kula. "Lile unalovaa kweli. La filamu halina harufu."

"Harufu gani?"

"Ya kwako."

Haingo akalivua, akampa. Lingemnyima usingizi kama angemnyima. Clarisse alijitanda, akainamisha bega la kushoto kidogo, akavuta hatua mbili za kuchoka, na bibi kizee akapiga makofi: "Ndiye kabisa! Hebu tazama, Haingo, ndiye wewe mtupu! Ila huyu ana meno."

Miangaly alicheka hadi akalala sakafuni. Haingo alichukua sufuria ya ukoko, akaenda uani kuuchemshia ukoko maji ya kunywa baada ya mlo, maana asingeweza kucheka na hakutaka kuonekana hacheki.

Aliporudi na birika alisimama nyuma ya pazia. Bibi alikuwa amesinzia. Miangaly amelaza kichwa mapajani mwa Clarisse, juu ya shuka lile, naye Clarisse anamsuka polepole.

"Naogopa kwenda," msichana alikuwa akisema. "Huwa naota nimefika halafu nimesahau kucheza. Kabisa. Nashika raketi kwa upande wa nyuzi."

"Umemwambia mama?"

"Mama haogopi kitu, atanielewaje?"

Birika lilimuunguza Haingo mkono, wala hakulisikia. Miaka kumi na saba amemjua mtoto huyu mpaka mlio wa tumbo lake, na mgeni wa siku tisa ndiye aliyepewa neno hilo. Roho ilimuuma, tena si kwa mafumbo: ilimuuma hapa, chini ya ziwa la kushoto.

*

Clarisse alipoondoka, na shuka begani, ugomvi haukungoja mlango ufungwe vizuri.

"Kwa hiyo unaogopa," Haingo alisema.

Miangaly akageuka. "Ulikuwa unatusikiliza?"

"Nyumba ni yangu, na masikio ni yangu. Mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe nikikwambia naogopa unaniambia nikachukue raketi."

"Na raketi hiyo ndiyo inayokupeleka Moroko! Angekusuka yeye tangu utotoni, ungekuwa sasa unasukwa tu."

"Unaona? Basi ndiyo maana."

Bibi Razafy alijikohoza kitandani. "Haingo, mwanao anaondoka Jumamosi. Hasira ziweke mpaka arudi, zitakuwa bado zipo."

Lakini Haingo alikuwa ameshashuka mteremko, na mwenye kushuka mteremko hana breki. "Na hiyo Ijumaa ni nini? Nimesikia wanataka chumba hiki."

"Ni tukio la kuagana," Miangaly alisema, akitazama vidole vyake. "Dada Clarisse ataninyunyizia maji."

"Atakubariki?"

"Ataigiza tu, Mama."

"Maji ya kuigiza hayalowanishi?"

Kwetu msafiri anaweza kusahau pasipoti, akairudia. Hawezi kuondoka bila maji ya mzazi. Mzazi huchukua sahani nyeupe isiyo na ufa, hutia maji na sarafu ya fedha ya kale, nzima, isiyokatwa, kisha hummiminia mtoto kwa vidole na kumwombea. Mtoto huketi akielekea kona ya wazee waliokufa, ile ya kaskazini mashariki, ambako hata ufagio hauegemezwi. Wasomi hufanya hivyo, walokole hufanya hivyo, hata wanaosema hawaamini hupiga magoti kwanza, halafu ndipo wakaenda kutoamini huko waendako. Msichana aliyetoka bila maji hayo akivunjika mguu, hakuna atakayemlaumu daktari.

"Sikiliza vizuri," Haingo alisema. "Akishakubariki yule, usije kwangu kupiga magoti. Kichwa kimoja hakibarikiwi na mama wawili."

"Haingo!" bibi alipiga kelele. "Yafute maneno hayo."

"Siyafuti."

Miangaly hakulia. Alichukua raketi zake tatu, akaanza kuzifungia kwenye begi moja baada ya nyingine, na kila zipu ilisikika.

*

Alhamisi Clarisse alirudi na daftari, akamkuta Haingo peke yake. Bibi alikuwa kwenye msiba wa jirani.

"Dada Haingo, hili la maji sitaki kulikosea. Tahina anasema tufanye vyovyote, mradi picha iwe nzuri. Mimi sitaki vyovyote. Nifundishe kama unavyofanya wewe."

Mtu anapokuja kwako hivyo, mikono mitupu, una dakika moja tu ya kuwa mtu mwema. Haingo aliiona dakika hiyo, akaiacha ipite.

"Sahani ni yoyote," alisema, akamletea ile iliyomeguka ukingo, waliyokuwa wakimwekea paka. "Mtoto anakaa pale." Akanyoosha kidole kona ya kusini magharibi, nyuma ya mlango, ambako zamani kuku walilala na hadi leo husukumiwa ndoo za taka. "Anautazama mlango, anaipa mgongo kona ile nyingine."

"Na ndani ya maji kunatiwa kitu? Nimesoma kuhusu sarafu."

"Hayo ya vitabuni. Maji matupu."

Clarisse aliandika yote. Kisha akamshika Haingo mikono miwili. "Asante. Najua si rahisi kwako kuniona nikivaa nguo zako. Ningekuwa wewe ningenichukia."

"Nikuchukie kwa nini?" Haingo akasema.

Jioni nzima aliionja furaha yake taratibu. Alilifikiria jumba la sinema limejaa watu wa mji mzima, na yule mwenye vidole virefu anambariki mtoto kwenye kona ya kuku, na bibi mmoja katikati ya giza anaanza kucheka, halafu safu nzima, halafu ukumbi wote. Wajue sasa nani mama na nani gauni la kuazima. Sarafu ya fedha na sahani nzima aliziacha mahali pake sandukuni, akalala juu ya ufunguo.

*

Ijumaa chumba kilijaa taa na nyaya. Bibi Razafy alipelekwa kwa jirani kwa sababu ya kikohozi chake. Haingo aliambiwa nafasi haitoshi, akawekwa nje, dirishani, kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe.

"Mwanga wa kona hii ni mzuri sana," Tahina alisema, akifurahia kona ya kuku. Binti wa vipodozi, aliyesimama na taulo tayari kumfuta Miangaly nywele ili kila wakirudia aingie mkavu, aliitazama kona, akaitazama sahani, akafungua mdomo. Kisha akamwangalia mwongozaji, akaufunga. Kazi ni kazi.

Mara ya kwanza mbwa alibweka kabla hata Clarisse hajashika sahani. Mara ya pili Clarisse alisahau maneno. Waliporudia mara ya tatu, nje kukatulia kabisa.

"Mama," Miangaly alisema, akipiga magoti nyuma ya mlango, "nimekuja kuaga."

Na hapo ndipo macho ya msichana yalipoiona sahani ya paka mikononi mwa Clarisse. Yakaenda polepole mpaka kona ya wazee, mgongoni kwake. Yakarudi, yakapanda dirishani, yakakutana na ya mama yake.

Alijua. Haingo aliona kwamba amejua. Mtoto aliyekulia nyumba ile asingeweza kudhani hayo ni makosa ya mgeni. Mgeni alifundishwa, na aliyemfundisha alikuwa mmoja. Haingo alingoja ainuke, aseme, acheke, afanye lolote. Miangaly hakufanya lolote. Aliinamisha kichwa tu, taratibu, kama mtu anayesema: kama hiki ndicho ulichonipa, nitakwenda nacho.

Clarisse alichovya vidole.

"Kata!" Haingo akapiga kelele.

Neno lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aligeuka amekuwa mwekundu. "Nani amesema kata? Bi Haingo! Jua linakwenda, nimebakiwa na nusu saa, wewe—"

Haingo alikuwa ameshazunguka mlangoni. Aliziruka nyaya, akampokonya Clarisse sahani, maji yote yakamwagika juu ya viatu vyake mwenyewe.

"Si hapa. Hapa ni pa kuku. Na hii ni ya paka."

"Lakini ulinifundisha wewe," Clarisse alisema kwa sauti ndogo. Daftari lilikuwa juu ya kiti, limefunguka ukurasa uleule.

"Nilikufundisha vibaya."

"Ulisahau?"

Angeweza kusema alisahau. Watu kumi na tano wangemwamini, wangesema masikini, mama wa watu hajasoma. Alimtazama mwanawe, bado amepiga magoti pembeni mwa ndoo.

"Sikusahau. Nilifanya makusudi. Nilikuonea wivu. Anakuita Mama mara ishirini kwa siku na mimi naambiwa nisiitikie. Nilitaka uchekwe. Wewe tu. Nikasahau maji yatammwagikia nani."

Hakuna aliyesonya. Clarisse alikuwa na uso ambao hakuna aliyewahi kumwona nao kwenye kamera. Akalivua lile shuka begani mwake, akamtanda Haingo, akalivuta vizuri upande wa kushoto, kama alivyojifunza.

"Basi fanya wewe," alisema.

"Uso wake haumo kwenye filamu!" Tahina alilalamika.

"Mikono imo. Piga mikono. Tazama yangu na yake, halafu uniambie ipi ni ya mama wa viwanja vya udongo."

Tahina akatazama. Akashika kichwa, akaiinamia kamera, akaipeleka mwenyewe upande wa kaskazini mashariki.

Haingo alitoa ufunguo kifuani. Alirudi na sahani nyeupe nzima, na sarafu ya nyanya yake ikigonga ndani yake. Binti wa vipodozi alipumua kwa sauti. Miangaly aliinuka kutoka kona ya kuku, akapangusa magoti, akaja kupiga magoti panapostahili.

"Nimesema usije kwangu," Haingo alinong'ona.

"Nimesikia," msichana alisema. "Nimekuja."

Mwongozaji aliinua mkono kuashiria kwamba kamera inakwenda, lakini hakuna aliyemwangalia.

"Mama, naogopa."

Neno raketi lilifika mpaka kwenye ncha ya ulimi wa Haingo. Akalimeza.

"Hata mimi," alisema. "Naogopa tangu siku ile ulipomshinda yule mtoto wa daktari. Nilijua watakuchukua."

Kisha akachovya vidole, vile vyenye nyufa nyekundu ambazo sabuni imezishindwa, akammwagia maji utosini, mara ya kwanza, ya pili, mpaka yakamchuruzika Miangaly masikioni na shingoni.

"Mungu akulinde, na wazee wakutangulie. Mguu wako usiteguke. Ukishinda, mpe mkono uliyemshinda. Ukishindwa, kula kwanza, halafu ndipo ulie. Ukiogopa, sema. Hata kwa mgeni, sema. Nenda salama, nirudie."

Alizidisha maneno mengi ambayo hayakuandikwa popote, na mengine yakawa ni kilio tu, na kamera ikayachukua yote, mikono tu bila uso.

"Kata," Tahina alisema hatimaye, taratibu sana. Alijifuta macho kwa ile skafu yake. Halafu kazi ikamrudia. "Safi. Nzuri mno. Sasa tuirudie mara moja tu, kwa usalama. Mfute nywele."

Binti wa vipodozi akasogea na taulo.

"Mama!" Miangaly aliita, akajifunika kichwa kwa mikono miwili.

Clarisse, kwa mazoea ya siku kumi na moja, alifungua mdomo. Akaufunga, akatazama chini.

"Ee?" Haingo akaitikia.

"Waambie wasinifute."

Haingo aliweka sahani chini, akasimama kati ya taulo na mwanawe.

"Msimguse," alisema. "Yatakauka yenyewe."